Kupanga chati ndani ya MetaTrader 5: inapokubeba na inapokuangusha

MetaTrader 5 (MT5), programu ya kutazama bei na kuweka oda za forex, yaani biashara ya fedha za kigeni, hutolewa bure na broka, kampuni inayokuunganisha na soko, na labda ndiyo maana wengi huitumia vilevile ilivyofunguka siku ya kwanza: chati nne ambazo hawakuzichagua, mishumaa (alama za mwendo wa bei) ya kijani juu ya weusi, na orodha ya bei yenye jozi za sarafu ambazo hawatazigusa maishani. Miezi sita baadaye kuna chati ishirini na kitu, tabo za chini zimebanana hadi majina hayasomeki, na EURUSD (euro kwa dola) iko mara tano, kila moja na mistari yake. Hapo lawama huanza. Baadhi programu inazistahili, baadhi ni za mtumiaji mwenyewe.

Tunachopima hapa ni kupanga chati tu: kuziweka, kuzihifadhi, kuzirudisha na kuzihamisha. Spread (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza), uaminifu wa broka na swali la kama forex inalipa tunaviacha pembeni. Kwa jumla, mfumo wa profaili na tempuleti ni wa zamani, hauna mvuto, lakini ni imara na hauna mipaka inayoondolewa kwa kulipa. Michoro ndiyo inayoiangusha. Na ipo tabia moja ambayo kila anayeitumia anapaswa kuijua mapema: MT5 huhifadhi kila ulichofanya bila kukuuliza, makosa yakiwemo.

Tempuleti kwanza

Vurugu nyingi hutokana na kuchanganya tempuleti na profaili. Tempuleti ni sura ya chati moja: rangi, aina ya mishumaa, indiketa (hesabu zinazochorwa kutokana na bei) na vipimo vyake, gridi, hata michoro na roboti (programu ndogo zinazofanya biashara zenyewe) vilivyokuwemo wakati wa kuhifadhi. Hukaa kwenye faili moja la .tpl. Profaili ni kundi zima la chati: zipi ziko wazi, za jozi gani, taimufremu gani (muda wa mshumaa mmoja: M15 ni dakika 15, H1 ni saa moja, D1 ni siku, W1 ni wiki), zina ukubwa gani na zimekaa wapi kwenye skrini. Hiyo ni folda, na ndani yake kila chati ina faili lake la .chr.

Anza na tempuleti, kwa sababu ukipanga chati kumi kabla ya kuamua sura, utazirekebisha zote kumi, moja baada ya nyingine. Fungua chati moja, bonyeza F8, chagua rangi zako. Ctrl+G huondoa gridi, Ctrl+L huondoa volyumu, Ctrl+Y huweka mistari ya kutenganisha siku, ambayo kwenye M15 ina manufaa kuliko indiketa nyingi zinazouzwa. Weka indiketa zako. Kisha, kabla ya kuhifadhi, bonyeza Ctrl+B, orodha ya michoro yote iliyo kwenye chati itafunguka, na uifute yote. Sasa bofya kulia kwenye chati, nenda Templates, Save Template, na ulipe faili jina default.tpl.

Jina hilo ndilo lenye uzito. Tempuleti iitwayo default hutandikwa yenyewe juu ya kila chati mpya unayofungua, kwa hiyo hutarudia kazi ile ya rangi tena. Unaweza kuwa na nyingine pembeni, mathalani moja ya dhahabu yenye ATR (indiketa ya kupima mtikisiko wa bei) na moja tupu isiyo na chochote isipokuwa mishumaa, ukazitandika unapotaka.

Hatua ya kufuta michoro wengi huiruka, na matokeo yake huonekana baadaye. Mstari wa 1.1700 uliouchora kwenye EURUSD ukiingia kwenye default.tpl, utazaliwa upya kwenye kila chati mpya. Kwenye USDJPY hutauona, bei iko mbali mno. Kwenye GBPUSD ya wiki utauona umekaa katikati ya chati kana kwamba una maana, na mtu mwenye haraka anaweza kuuheshimu.

Jambo la pili: ukitandika tempuleti mpya juu ya chati yenye roboti, roboti hiyo hutolewa kwenye chati. Hakuna kengele itakayolia. Baada ya kutandika, tazama kona ya juu kulia ya chati uone kama jina lake bado lipo.

Profaili, na saa zetu

Profaili zinapatikana kwenye menyu ya File, au kwa kubofya jina la profaili lililo kwenye ukanda wa chini kabisa wa programu, njia ambayo ni fupi zaidi. Programu huja na kadhaa za kiwandani kama Euro na British Pound. Huzihitaji. Panga chati unavyotaka, chagua Save As, toa jina. Jina lianze na namba, kwa sababu Ctrl+F5 hukupeleka profaili inayofuata na Shift+F5 hukurudisha, na namba hukusaidia kujua uko wapi kwenye mzunguko.

Mgawanyo unaofaa hutegemea unavyofanya kazi, lakini kwa aliyeko Afrika Mashariki kugawa kwa vipindi vya soko huleta utulivu kuliko kugawa kwa sarafu. Saa mbili asubuhi ya London ni saa nne asubuhi kwetu wakati Ulaya iko kwenye saa za kiangazi, na saa tano asubuhi wakati wa baridi yao. Saa mbili asubuhi ya New York ni saa tisa alasiri kwetu kiangazi, saa kumi jioni wakati wa baridi. Kwa hiyo: "1 Mapitio", jozi sita kwenye D1, tempuleti tupu, ya kutazamwa mara moja kwa siku. "2 London", EURUSD na GBPUSD, kila moja kwenye H1 na M15. "3 New York", XAUUSD (dhahabu kwa dola) kwenye H1 na M5, pamoja na USDJPY na USDCAD. Ukiwa na chati nne, Alt+R huzipanga mbili juu, mbili chini. Kwa kawaida uliyoibofya mwisho ndiyo huchukua nafasi ya juu kushoto, kwa hiyo bofya ile muhimu kabla ya kubonyeza.

Tukiwa kwenye saa, kuna jambo dogo linalowachanganya wengi. Saa iliyo chini ya chati ni ya seva ya broka, na hakuna kitufe cha kuibadilisha. Broka wengi huweka seva kwenye GMT+2 wakati wa baridi na GMT+3 kiangazi, wakifuata saa za Marekani, ili mshumaa wa siku ufungwe saa kumi na moja jioni ya New York. Maana yake kwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni kwamba kiangazi saa ya chati na ya ukutani ni moja, na mshumaa wa siku hufungwa saa sita usiku. Wakati wa baridi chati iko nyuma kwa saa moja na mshumaa hufungwa saa saba usiku. Marekani hubadili saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hiyo katikati hapo London na New York husogeleana kwa saa moja. Kama umeweka mistari ya wima kuonyesha ufunguzi wa soko, wiki hizo itakudanganya.

Broka mwenye seva ya GMT+0 ana kasoro nyingine: unapata mshumaa mdogo wa Jumapili, siku sita kwa wiki badala ya tano, na wastani wowote wa D1 unatoka tofauti na wa mwenzako. Ukilinganisha chati na mtu na hazifanani, uliza seva zenu ziko saa ngapi kabla ya kubishana kuhusu indiketa.

Inavyohifadhi, na jinsi kazi inavyopotea

Hapa ndipo programu inapostahili kukosolewa kwa sauti. Profaili huandikwa upya unapohamia profaili nyingine au unapofunga programu. Hakuna swali la "uhifadhi au uache?". Umefunga chati tatu ili uione moja vizuri, ukasahau, ukazima kompyuta: profaili yako sasa haina tena chati tatu zile, na mistari iliyokuwemo imeondoka nazo. Programu ya ofisi ya kawaida isingethubutu.

Kinga iko sehemu mbili. Ya kwanza ni Tools, Options, tabo ya Charts: hakikisha chaguo la kuhifadhi chati zilizofutwa, Save deleted charts to reopen, limewekwa alama. Chati iliyofungwa kwa bahati mbaya utaipata File, Open Deleted. Ya pili ni nakala. Bonyeza Ctrl+Shift+D, folda ya data itafunguka, ingia MQL5, kisha Profiles. Ndani kuna Charts, yenye profaili zako, na Templates. Kwenye matoleo ya zamani folda ya Profiles ilikaa nje ya MQL5, kwa hiyo usishangae ukiikuta hapo. Nakili zote mbili kwenye flashi au kwenye hifadhi ya mtandaoni kila wikendi soko likiwa limefungwa. Ni mafaili madogo ya maandishi, hayamalizi bando.

Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, tatizo ni la upande wa pili: ulichochora tangu uhifadhi wa mwisho hakijaandikwa popote. Dawa ni kumlazimisha mhifadhi afanye kazi: Ctrl+F5 kwenda profaili ya pili, Shift+F5 kurudi. Sekunde chache, na mistari ya asubuhi iko kwenye diski.

Ila usifanye hivyo kama una roboti kwenye chati. Kuhama profaili ni kufunga chati zote za ile ya kwanza, na roboti iliyokuwa juu yake husimama. Ukirudi inaanza upya kama mgeni: kama haikuandikwa kukumbuka ilipoishia, haikumbuki. Stopu losi na teki profiti (bei za kufunga oda kwa hasara au faida uliyoipanga) zilizokwisha kutumwa ziko kwenye seva na zinabaki salama, lakini kusogeza stopu, kufunga nusu ya oda, na kila kilichotegemea roboti kuwa macho, hakifanyiki kwa muda huo. Hata kubadilisha taimufremu tu ya chati hiyo huifanya ianze upya.

Njia safi ni kusakinisha MT5 mara mbili. Kwenye dirisha la usakinishaji, bofya Settings kabla ya kuendelea na ubadilishe jina la folda. Utapata programu mbili zinazojitegemea, kila moja na profaili zake, na zote zinaweza kuingia kwenye akaunti moja. Moja ni ya roboti na haiguswi; nyingine ni ya macho na mikono yako. Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta, ambayo tutaifikia.

Michoro

Kwenye MT5 mchoro ni mali ya dirisha la chati. Haufungamani na jozi. Ukiwa na EURUSD yenye mistari kumi, ukalibadilisha dirisha hilo kuwa AUDUSD, mistari ile inabaki palepale kwenye bei zake za EURUSD. Mingine itatoka nje ya skrini, mingine itakaa njiani. Na ukiwa na EURUSD mbili, moja H4 na moja M15, ngazi (mstari wa bei muhimu) uliyoichora H4 haionekani M15. Unachora mara mbili, au unatafuta indiketa ya mtu wa tatu ya kunakili michoro. Kwa programu iliyotoka mwaka 2010, hili lilipaswa kuwa limekwisha.

Njia ya kuishi nalo bila kuongeza chochote ni hii. Jozi moja, chati moja kwa kuchorea, na unabadilisha taimufremu ndani ya chati hiyohiyo. MT5 ina taimufremu 21 dhidi ya 9 za MT4, programu iliyoitangulia, kwa hiyo kutafuta kitufe kwenye upau ni kupoteza muda: bofya chati, bonyeza Enter, kisanduku kidogo kitatokea chini kushoto, andika H4, bonyeza Enter tena. Kisanduku hichohicho hukubali GBPUSD,M15 na hukubali tarehe, ambayo hukupeleka moja kwa moja kwenye siku hiyo. Ukikizoea hicho, utagundua kwamba chati nyingi ulizokuwa nazo zilikuwepo kwa sababu tu kubadilisha kulikuwa kunachosha.

Lakini chati moja yenye michoro ya taimufremu tano hujaa haraka. Ndipo tabo ya Visualization inapofanya kazi yake, na ajabu ni kwamba wanaoitumia ni wachache. Bofya mstari mara mbili kuuchagua, fungua sifa zake, nenda Visualization, ondoa alama ya taimufremu zote, kisha weka alama pale tu unapotaka uonekane. Utaratibu unaofaa: ngazi za W1 na D1 zionekane kuanzia M15 hadi W1, kwa rangi moja nzito. Mistari ya H1 ionekane M5 hadi H1. Michoro ya M5 ionekane M5 peke yake na ifutwe jioni. Indiketa zina tabo hiyohiyo, kwa hiyo wastani wa mishumaa 200 unaweza kuwepo D1 bila kukusumbua M1. Ukimaliza, chati moja inabadilika sura yenyewe kila unapobadilisha taimufremu, na EURUSD tano zinapungua kuwa moja au mbili.

Ipe kila ngazi muhimu jina kwenye sehemu ya maelezo, kama "juu ya Januari" au "chini ya wiki jana". Kwenye Ctrl+B utaona orodha yenye maana badala ya Horizontal Line ikifuatwa na namba ndefu, na kufuta ya zamani kutachukua dakika moja.

Jihadhari na kitufe cha Backspace. Kikibonyezwa ukiwa kwenye chati, hufuta mchoro wa mwisho ulioongezwa. Ukikibonyeza mara tatu huku ukidhani uko kwenye kisanduku cha maandishi, umepoteza mitatu. Ctrl+Z hurudisha, mradi uione mapema.

Uzito kwenye kompyuta ya kawaida

MT5 huruhusu chati 100, namba ambayo hakuna anayeihitaji. Kinachoitesa laptopu ya GB 4 mara nyingi ni mambo matatu, na wingi wa chati ni moja tu kati yake.

La kwanza ni urefu wa historia. Tools, Options, Charts, Max bars in chart: kawaida huja na 100,000. Kwenye M1 hiyo ni kama siku 69 za soko, kwa kuwa siku moja ina dakika 1,440. Kwenye M5 ni zaidi ya mwaka mmoja wa soko, na kwenye H1 ni zaidi ya miaka 15. Mtu anayefanya biashara ya siku hiyohiyo hahitaji zaidi, na anaweza kushusha zaidi ya hapo bila kukosa kitu. Anayeweka Unlimited kisha akafungua M1 sita amejitafutia. Mabadiliko haya yanataka uzime programu na kuiwasha tena.

La pili ni orodha ya bei, Market Watch. Kila jozi iliyomo hupokea bei mpya kila mara, uwe unaitazama au la. Bofya kulia, Hide All: zinazobaki ni zile zenye chati wazi au oda, nyingine zinaondoka. Kisha ongeza chache unazofuatilia na uhifadhi orodha hiyo kwa Sets, Save As, ili uirudishe siku ukiiharibu. Kwa anayetumia bando la simu tofauti inaonekana. Ukiwa hapo, kwenye Options, tabo ya Server, zima habari, maana wengi hawazisomi na zinashuka tu.

La tatu ni indiketa zilizoandikwa vibaya, hasa zile za bure zinazopiga hesabu ya historia nzima kila bei inapotikisika. Dalili yake ni chati inayoganda wakati wa taarifa za ajira za Marekani na kutulia baadaye. Ziondoe moja moja hadi mkosaji ajulikane. Ctrl+I hukupa orodha.

Mwenye skrini mbili ana raha ambayo MT4 haitoi kabisa: Alt+D huitoa chati nje ya dirisha kuu, ukaiburuta hadi skrini ya pili. Kwenye MT4 njia zilikuwa kulitanua dirisha zima juu ya skrini zote mbili au kuendesha programu mbili. Ukiacha indiketa za zamani ambazo hazijaandikwa upya, hakuna sababu ya kupanga kazi mpya ndani ya MT4 leo.

Kuhamia kwa broka mwingine

Wengi hudhani hawana njia ila kuanza upya. Tatizo ni majina: EURUSD ya broka mmoja ni EURUSDm au EURUSD.r kwa mwingine, na profaili iliyonakiliwa inaitafuta jozi ambayo seva mpya haiijui. Matokeo ni chati tupu inayosubiri bei isiyokuja.

Faili la .chr ni maandishi ya kawaida. Funga MT5 zote mbili kwanza, la sivyo programu itaandika juu ya kazi yako inapozimwa. Nakili folda ya profaili kutoka ya zamani hadi MQL5, Profiles, Charts ya mpya. Fungua kila .chr kwa Notepad, karibu na juu kuna mstari wa symbol=EURUSD, andika jina kama linavyoonekana kwenye Market Watch ya broka mpya, herufi kubwa na ndogo zilingane. Hifadhi bila kubadilisha usimbaji wa faili. Ni UTF-16, na ukilihifadhi kwa namna nyingine chati inaweza isifunguke. Kwa profaili ya chati sita ni kazi ya dakika tano, na mistari yako yote inahama nayo, ikiwa kwenye bei zilezile.

Nakili indiketa za .ex5 kabla ya profaili, zikae kwenye folda zenye majina yaleyale ndani ya MQL5, Indicators. Ukifungua profaili indiketa zikiwa hazipo, chati zitafunguka bila hizo, na unakumbuka programu hii huhifadhi yenyewe. Tabo ya Journal itakuonyesha ipi imeshindikana.

Kosa linalofanana na hili ni kuingia kwenye akaunti ya broka wa pili ndani ya programu ileile iliyo na profaili za wa kwanza. Inaruhusiwa, lakini chati zinabaki bila bei na mtu huanza kuzifunga na kufungua nyingine, huku profaili ya kwanza ikiharibika. Broka wawili, programu mbili.

TradingView je?

Hii ni huduma ya chati ya mtandaoni, na kwa michoro haina mpinzani. Mchoro unafungamana na jozi, ukibadilisha kwenda nyingine unaondoka, ukirudi unarudi, na taimufremu zote zinauona. Ukiwa na chati kadhaa kwenye leiauti moja (mpangilio mmoja wa skrini) unaweza kuziunganisha: ukibadilisha jozi kwenye moja zote zinafuata, au msalaba wa kipanya ukatembea kwenye zote kwa wakati mmoja. Kila kitu kinakaa mtandaoni, kwa hiyo ulichochora nyumbani unakikuta kwenye simu ukiwa kwenye daladala.

Bei yake ndiyo inayorudisha watu MT5. Kifurushi cha bure kinakupa chati moja kwa kila tabo, indiketa mbili kwenye chati, na leiauti moja ya kuhifadhi. Essential ni chati mbili na indiketa tano, Plus ni nne na kumi, Premium ni nane na ishirini na tano, na unalipia kila mwezi au mwaka kwa dola. Mpangilio wa "2 London" tulioueleza juu, chati nne zenye indiketa tatu tatu, kwenye MT5 ni bure. Kwenye TradingView ni Plus. Tena bila intaneti TradingView haifunguki, wakati MT5 hukuonyesha historia iliyokwisha kushuka kwenye diski, ambayo inatosha kwa mapitio ya Jumapili.

Mchanganyiko unaoleta maana kwa asiyetaka kulipa ni kutumia leiauti ile moja ya bure kama daftari la ngazi za D1 na W1 kwa jozi zote, na MT5 kwa taimufremu ndogo na kuweka oda. Bei za vyanzo viwili hazifanani hadi pointi ya mwisho, hasa kwenye ncha za mishumaa ya usiku spread inapopanuka, kwa hiyo ukihamisha ngazi kwenda MT5 isogeze ikae kwenye mshumaa wa broka wako, kwa sababu hapo ndipo stopu yako itakapoguswa.

Programu ya MT5 ya simu haipokei profaili wala tempuleti za kompyuta. Michoro uliyoweka mezani haionekani huko. Itumie kufunga oda na kusogeza stopu. Bei za ngazi muhimu ziandike kama namba, kisha uziwekee tahadhari za bei kwenye programu ya kompyuta kupitia tabo ya Alerts, ukichagua zitumwe kama ujumbe kwa simu. Ili zifike, ingiza MetaQuotes ID yako, iliyo kwenye mipangilio ya programu ya simu, ndani ya Tools, Options, Notifications, na ubonyeze Test kabla ya kuondoka. Kompyuta lazima ibaki imewashwa na kuunganishwa, kwa sababu tahadhari hizo hukaguliwa na programu iliyo mezani.